Mwanafunzi mwenye usonji na wenzake: msaada uanzie wapi?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameandika hivi kuhusu mwanafunzi mwenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano: "Darasani kwangu kuna mvulana wa miaka 10 mwenye usonji. Anasoma vizuri kuliko wenzake wengi na hesabu hazimsumbui, lakini kila mapumziko hutembea peke yake kandokando ya ukuta hadi kengele inapolia. Shule inapendekeza awe anatolewa darasani mara mbili kwa wiki ili mtaalamu amfundishe stadi za kijamii. Mama yake naye ameambiwa kwamba bila mafunzo ya saa 40 kwa wiki mtoto hatasaidika. Utafiti unasema nini hasa? Sisi walimu na watu wanaomzunguka tunaweza kufanya nini chenye uzito, sasa na atakapokuwa kijana? Na je, wenzake waambiwe kwamba ana usonji?"

Mwalimu, nianze na hizo saa 40, maana naamini ndizo zinazomkosesha mama huyo usingizi. Chanzo chake ni utafiti wa Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 1987. Watoto 19 walioanza wakiwa bado hawajafikisha miaka minne walifundishwa mmoja mmoja kwa takriban saa 40 kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi, na ikaripotiwa kwamba 9 kati yao walimaliza darasa la kwanza katika shule ya kawaida wakiwa na alama za kawaida katika vipimo vya akili. Matokeo hayo yaliwapa wazazi matumaini wakati ambapo waliambiwa kila mahali kwamba hakuna la kufanya, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini watoto wale hawakugawanywa katika makundi kwa kura, idadi yao ilikuwa ndogo, na mbinu za wakati ule zilijumuisha adhabu ambazo leo zinalaaniwa, na ni haki zilaaniwe. Mwaka 2024 Sandbank na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 144 zilizohusisha watoto wadogo zaidi ya 9,000, wakitafuta iwapo wingi wa saa unaendana na ukubwa wa maendeleo ya mtoto, na hawakupata uhusiano wa kutegemewa. Kwa hiyo mama huyo aambiwe waziwazi kwamba hajamnyima mwanawe kitu kwa kukosa saa hizo, hasa kwa kuwa mwanawe ana miaka 10 na anasoma vizuri, hali iliyo mbali sana na ya watoto ambao Lovaas aliwachunguza.

Pendekezo la shule linastahili kujadiliwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa lina sehemu ya ukweli. Vikundi vya kufundishia stadi za kijamii vimefanyiwa utafiti mwingi, na matokeo ya jumla yanaonekana mazuri mtu akiyatazama kwa mbali. Uchambuzi wa Gates, Kang na Lerner wa mwaka 2017 uliyatazama kwa karibu, kwa kutenganisha nani aliulizwa na aliulizwa nini. Watoto na vijana wenyewe walionyesha maendeleo makubwa, ila maendeleo hayo yalikuwa katika maarifa: walijua zaidi mtu anapaswa kufanya nini akiwa na wenzake. Wazazi na watafiti waliowatazama waliona mabadiliko madogo tu. Walimu, ambao ndio wanaomwona mtoto akiwa katikati ya wenzake kila siku, hawakuona tofauti ya kutegemewa.

Tafsiri yangu ya matokeo hayo ni kwamba mvulana wako anaweza kukaa katika chumba tulivu na mtaalamu, akaulizwa afanyeje akitaka kuingia katika mchezo ulioanza, akajibu sawasawa, kisha kengele ya mapumziko ikalia naye akarudi ukutani. Watoto wengi wenye usonji hupata shida kuhamisha walichojifunza mahali pamoja kwenda mahali pengine. Zaidi ya hapo, ndani ya chumba kile hakuna kilichobadilika kwa wale watoto wengine walioko uwanjani. Hawajui jinsi ya kumkaribisha, wamezoea kwamba yeye ni wa ukutani, na wanaposema neno moja asijibu upesi huondoka.

Utafiti ambao ningependa mkuu wako wa shule ausome kabla ya kuamua ni ule wa Connie Kasari na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012. Walichukua watoto 60 wenye usonji wanaosoma katika madarasa ya kawaida, wenye umri wa miaka 6 hadi 11, na kuwagawa kwa kura. Wapo waliofundishwa wao wenyewe na mtu mzima, wapo ambao badala yao walifundishwa wanafunzi watatu wa darasa lao, wapo waliopata yote mawili, na wapo ambao hawakupata lolote kwa wakati huo. Vikao vilikuwa vifupi, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Watoto ambao wenzao ndio walifundishwa walitajwa zaidi na wanafunzi wengine kuwa marafiki, nafasi yao katika mtandao wa urafiki wa darasa ikaimarika, walimu wakaripoti stadi bora zaidi darasani, na upweke wao uwanjani ukapungua. Wiki 12 baadaye mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo. Katika mpango ule wa wenzao peke yao, mtoto mwenye usonji hakuhudhuria kikao hata kimoja, lakini maisha yake ya shule yalibadilika.

Namna walivyopima inakufaa hata wewe, bila chombo chochote cha kitaalamu. Kila mwanafunzi darasani aliulizwa aandike ni akina nani hukaa pamoja mara kwa mara, na majibu yote yakaunganishwa kuwa ramani ya nani yuko na nani. Uwanjani, mtafiti asiyejua mtoto yuko katika kundi gani alimtazama kwa vipindi vifupifupi na kuandika kama yuko peke yake, yuko karibu na wenzake bila kushiriki, au yumo mchezoni. Wewe unaweza kusimama uwanjani kwa dakika 10 katika siku chache tofauti ukaandika mambo hayohayo matatu kila dakika. Fanya hivyo kabla ya kuanza lolote, na urudie baada ya wiki sita. Bila kumbukumbu ya mwanzo, kila mtu shuleni atakumbuka anachotaka kukumbuka.

Kuhusu wanafunzi wa kufundishwa, ushauri wangu ni kuchagua watatu au wanne wenye moyo mzuri ambao pia wana sauti mbele ya wenzao, kwa sababu mtoto mpole asiye na nafasi darasani hawezi kumfungulia mwingine mlango. Wafundishwe kumtambua mwenzao aliye peke yake, kumwalika kwa jambo mahususi ("njoo uhesabu mabao" huingia akilini haraka kuliko "njoo ucheze"), kusubiri jibu kwa muda mrefu kuliko walivyozoea, na kualika tena siku nyingine hata kama leo amekataa. Wayafanyie mazoezi mbele yako kwa kuigiza. Wasigeuzwe kuwa walimu wadogo wa kumrekebisha, wala wasipewe zawadi kwa kucheza naye, maana watoto hung'amua upesi mchezo unapokuwa kazi. Mchezo wenyewe uanzie kwenye anachokipenda. Ikiwa ni ramani, magari moshi au takwimu za mpira, hapo ndipo atakapokuwa na cha kuwapa wenzake badala ya kuwa mpokeaji wa huruma yao kila siku.

Ikiwa kuna mtu mzima aliyepewa kazi ya kumsaidia, naye aangaliwe. Michael Giangreco na wenzake waliandika mwaka 1997 kuhusu wasaidizi wanaokaa karibu mno na mwanafunzi mwenye ulemavu: walimu wa darasa humwachia msaidizi jukumu lote, na wenzake huacha kumsogelea, kwa kuwa ni vigumu kumwambia mwenzako siri au utani huku mtu mzima amesimama begani. Msaidizi mzuri huuanzisha mchezo kisha akarudi nyuma hatua kadhaa.

Kabla ya hayo yote, mwulize mvulana mwenyewe. Inawezekana kutembea kando ya ukuta ndiko kunakompumzisha baada ya saa kadhaa za kelele, na kwamba anachotaka ni kubaki na nusu ya mapumziko hayo na kupata mwenzake katika nusu nyingine. Upweke aliouchagua na upweke aliosukumiwa vinafanana kwa mtazamaji, ila kwa mtoto vina uzito tofauti kabisa. Akiona vigumu kueleza kwa maneno, mwonyeshe michoro ya sehemu mbalimbali za uwanja aweke alama panapompendeza na panapomwogopesha. Uonevu uulizwe kwa njia hiyohiyo, kwa sababu uchambuzi wa Maïano na wenzake wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba takriban asilimia 44 ya wanafunzi wenye usonji huonewa na wenzao, na mara nyingi mtoto anayeonewa hataji jambo hilo asipoulizwa swali la moja kwa moja.

Pana sababu ya kina zaidi ya kuwaelekea wenzake. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili: kila upande unashindwa kuusoma mwingine, lakini anayepewa lawama na mafunzo ni mmoja. Noah Sasson na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba watu wasiokuwa na usonji huunda picha isiyopendeza kumhusu mtu mwenye usonji ndani ya sekunde chache za kumwona au kumsikia, na kwamba waliposoma maneno yake tu yaliyoandikwa, bila sauti wala sura, picha hiyo mbaya ilitoweka. Alichosema mtu hakikuwa na kasoro, walichokataa ni namna ya kukaa, kutazama na kutamka. Mwanafunzi anaweza kufundishwa mengi na bado akakataliwa kwa namna anavyotembeza macho. Hapo anayehitaji somo ni anayemtazama.

Sasa nije kwako wewe na walimu wenzako. Phillip Strain na Edward Bovey walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu mpango wa LEAP wa madarasa jumuishi ya watoto wa chekechea, na naona somo lake kuhusu mafunzo ya walimu linavuka umri huo. Madarasa 28 yalipewa miongozo iliyoandikwa pamoja na mkufunzi aliyefuatana na walimu darasani kwa miaka miwili, na mengine 28 yakapewa miongozo hiyohiyo peke yake. Watoto wa madarasa yaliyokuwa na mkufunzi waliendelea vizuri zaidi katika lugha, akili na mahusiano, na walimu waliopata kitabu tu hawakufika mbali katika kuutekeleza mpango. Utafiti wa SCERTS, mpango wa kukuza mawasiliano ya wanafunzi wenye usonji na uwezo wao wa kutuliza hisia, uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika katika shule 60, nao ulitegemea walimu kufundishwa huku wakifuatiliwa darasani, na wanafunzi wao walishiriki zaidi katika masomo. Upande wa pili, Boyd na wenzake walilinganisha mwaka 2014 mpango wa LEAP, mpango wa TEACCH (unaotegemea ratiba na mpangilio wa kuonekana kwa macho) na madarasa mazuri ya elimu maalumu yasiyofuata mpango wowote wenye jina, wakaona kwamba watoto wa makundi yote matatu walipiga hatua na hakuna mpango uliowazidi wengine.

Nikiziunganisha tafiti hizo, ningeishauri shule isitumie uwezo wake mdogo kutafuta mpango wenye jina kubwa au semina ya siku moja. Fedha ya mtaalamu wa kumtoa mvulana darasani ingefaa zaidi kumlipa mtaalamu huyohuyo aingie darasani na uwanjani, atazame, kisha akae na mwalimu wazungumze jambo moja la kujaribu hadi watakapoonana tena. Mambo ya kujaribu mengi ni ya kawaida: ratiba ya siku iliyobandikwa mahali anapoiona, taarifa mapema ratiba inapobadilika, maelekezo mafupi yanayotolewa moja baada ya jingine, na mahali patulivu pa kwenda kelele zinapomzidi bila kuomba ruhusa mbele ya darasa zima. Hadithi za kijamii, yaani maelezo mafupi yanayomweleza mtoto hali fulani na watu wanatarajia nini, zilijaribiwa Uingereza kwa watoto 249 katika shule 87. Hazikubadilisha kipimo kikuu cha mahusiano, ila watoto waliozipata walifikia mara nyingi zaidi lengo dogo waliloandikiwa. Zitumie kwa kazi hiyo ndogo, kama vile kumwandaa kwa safari ya shule au zoezi la dharura ya moto.

Nyumbani na katika jamii, ushahidi ulio imara zaidi unahusu watoto wadogo kuliko mvulana wako, lakini mama yake ataupenda. Katika jaribio la PACT la Uingereza, lililohusisha watoto 152 na kuchapishwa mwaka 2010, mzazi alirekodiwa kwa video akicheza na mtoto, kisha akaketi na mtaalamu kutazama vipande vifupi. Mtaalamu husimamisha picha pale mzazi aliponyamaza kidogo na mtoto akainua macho au akasogeza kitu kumwelekea, na mzazi anajiona akifanya jambo lililofaa. Watoto walipofuatiliwa takriban miaka sita baada ya mpango kuisha, tofauti ilikuwa bado inaonekana. Mpango huo ulirekebishwa ukatolewa na wahudumu wasio wataalamu huko Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba wahudumu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa waliweza kuwasaidia wazazi kuwaitikia watoto wao vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi ya vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yaliyokusudiwa kuendeshwa na watu wasio madaktari. Nikuambie pia upande usiopendeza: PACT ilipopanuliwa ifanye kazi nyumbani na shuleni kwa pamoja, jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha mawasiliano bora kati ya mtoto na watu wazima aliofanya nao mpango, ila dalili za usonji kwa jumla hazikupungua. Mimi sioni hilo kuwa kushindwa, kwa kuwa mtoto anayeelewana zaidi na mzazi na mwalimu wake ameshapata kitu cha thamani, lakini ni vema mama asiahidiwe zaidi ya hapo.

Ujana utaleta sura nyingine. Karibu asilimia 40 ya watoto na vijana wenye usonji wana angalau tatizo moja la wasiwasi lenye kiwango cha kitabibu, kwa mujibu wa uchambuzi wa van Steensel na wenzake wa mwaka 2011, na kwa mwanafunzi hodari darasani wasiwasi huo hujitokeza kama maumivu ya tumbo asubuhi, hasira za jioni nyumbani, au kukataa kwenda shule. Unatibika. Jeffrey Wood na wenzake walionyesha mwaka 2020, kwa watoto 167, kwamba tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mwenendo huleta nafuu kubwa zaidi inaporekebishwa kwa ajili ya watoto wenye usonji kuliko inapotolewa kama kwa watoto wengine. Mpango wa PEERS wa Elizabeth Laugeson na Fred Frankel, ambapo kijana na mzazi hufundishwa sambamba, umekuwa na matokeo mazuri katika nchi kadhaa, na nadhani nguvu yake imo katika mzazi kumsaidia kijana kupanga mkutano halisi na rafiki wiki hiyohiyo. Ningempeleka tu kijana anayetaka mwenyewe. Anayelazimishwa hujifunza kuficha alivyo, na utafiti wa Sarah Cassidy na wenzake wa mwaka 2018 miongoni mwa watu wazima wenye usonji ulihusisha kujificha huko na mawazo ya kujiua. Mwalimu anayemsifu mwanafunzi kwa "kuonekana wa kawaida" anapaswa kulijua hilo.

Kuhusu kazi baada ya shule, mfano wenye nguvu ni wa Paul Wehman na wenzake wa mwaka 2017 nchini Marekani. Vijana 49 wenye usonji waligawanywa, wengine wakitumia mwaka wao wa mwisho wa shule wakijifunza kazi ndani ya hospitali wakiwa na msaada, wengine wakiendelea na huduma za kawaida za shule. Miezi mitatu baada ya kuhitimu, asilimia 90 ya wale wa kwanza walikuwa na ajira ya kulipwa, na asilimia 6 tu ya wale wengine. Kundi ni dogo, lakini tofauti ya ukubwa huo si ya kupuuzwa, na inaniambia kwamba mafunzo ya kazi yafanyike mahali pa kazi, kwa sababu ileile inayofanya mafunzo ya urafiki yafanyike uwanjani.

Swali lako la mwisho, la kuwaambia wenzake, lina ushahidi pande zote. Jonathan Campbell na wenzake waliona mwaka 2004 kwamba wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa na mtazamo mzuri zaidi walipopewa maelezo ya kwa nini mtoto hufanya afanyavyo, pamoja na yale yanayomfananisha na wao, kuliko walipoelezwa mfanano tu. Sasson na Morrison waliona mwaka 2019 kwamba picha ya kwanza huboreka mtazamaji anapojua kuwa mtu ana usonji, na zaidi anapokuwa na maarifa kuhusu usonji. Kutaja jina la hali bila maelezo, basi, hakutoshi. Lakini siri hiyo ni ya mtoto na wazazi wake. Kama mvulana mwenyewe bado hajaambiwa, hilo ndilo la kwanza, na lifanywe na mama yake kwa wakati anaouona unafaa. Akishajua, mwulizeni mambo matatu: anataka wenzake wajue au la, wajue kwa maneno gani, na anapenda awepo chumbani au asiwepo. Akikataa, somo la darasa zima kuhusu namna watu wanavyotofautiana katika kusikia, kuongea na kupumzika linaweza kufundishwa bila kumgusa, na wale wenzake watatu au wanne wanaweza kuanza kazi yao bila kujua neno usonji. Akikubali, mpeni nafasi ya kuyasoma maneno yenu kabla hayajasemwa, na kuyafuta asiyoyataka.